Pikipiki Kuukuu: Namna ya Kutambua Kutu na Uchakavu Kabla ya Madhara

Katika kata zetu za ufukweni pikipiki haizeeki kwa miaka peke yake; huzeeka pia kwa chumvi. Chukua pikipiki mbili zilizotoka kiwandani siku moja. Moja ikafanya kazi huko vilimani, nyingine ikabeba matenga ya samaki kutoka diko hadi mnadani. Baada ya masika matatu hazitafanana tena. Ile ya diko huwa imenyweshwa maji ya samaki kila alfajiri, na maji hayo hutiririka palepale macho yasipofika: chini ya kiti, juu ya cheni, na kwenye mkono unaoshika gurudumu la nyuma.

Masika yaliyopita kijana mmoja alileta karakanani pikipiki aliyoinunua mkononi mwa mtu. Iling'aa kwa rangi nyeusi mpya. Malalamiko yake yalikuwa madogo: akipakia abiria, mkia wa pikipiki huyumba kama mtu aliyelewa. Tulipoondoa kiti na kusukuma ncha ya bisibisi karibu na mahali shokapu inaposhikiliwa, bisibisi ilizama ndani ya bomba la fremu pasipo nguvu. Kwa pikipiki hiyo alikuwa amewapeleka zahanati kina mama wajawazito wawili wiki ileile. Somo hili limeandikwa kwa ajili ya kijana huyo na wenzake, wakiwamo maafisa ugani wetu wanaotumia pikipiki kongwe, na vikundi vinavyofikiria kununua chombo kilichokwisha kutumika.

Kutu huzaliwa pale chuma kinapokutana na hewa na maji. Chumvi hailazimiki kuwapo, lakini ikiwapo huyafanya maji yapitishe umeme kwa wepesi, na kwa kuwa kutu ni tendo la kikemia linalokwenda sambamba na mwendo mdogo wa umeme ndani ya chuma, kazi iliyohitaji miaka hukamilika kwa miezi. Sehemu za alumini, kama maganda ya injini, hazishiki kutu nyekundu. Hutoa unga mweupe.

Uchunguzi huanza kwa ndoo ya maji baridi yasiyo na chumvi na kitambaa. Tope huficha mengi, na mafuta huficha zaidi. Osha, acha chombo kikauke juani, kisha vua kiti na vifuniko vya ubavuni. Sugua kila doa la kutu kwa brashi ya waya. Likitoka na chuma cha chini kikabaki laini, hiyo ni kutu ya juu: paka rangi ya kuzuia kutu na uendelee na maisha. Yakibaki mashimo madogo kama ya ndui, chuma kimeanza kuliwa, na hapo hesabu hubadilika kulingana na mahali. Mashimo kwenye madigadi hayaui mtu. Mashimo kwenye bomba la fremu yaweza kuua.

Gonga fremu taratibu kwa mpini wa bisibisi, ukitoka sehemu unayoiamini kuelekea unayoitilia shaka. Chuma kizima hulia. Kilicholiwa kwa ndani hutoa sauti butu. Mabomba ya fremu huoza kutoka ndani kwenda nje, kwa kuwa maji yaliyoingia hukaa sehemu za chini pasipo njia ya kutokea. Kwa hiyo usiridhike na kutazama juu. Kagua viungo vilivyochomelewa, hususan kichwa cha fremu panapozunguka usukani na mahali stendi ilipofungwa. Mstari mwembamba wa rangi ya hudhurungi pembeni mwa kiungo aghalabu ni ufa ambao maji yamekwisha kuupata. Rangi mpya sehemu moja tu ya pikipiki kuukuu niione mimi kama swali, si kama sifa. Muulize muuzaji sababu yake.

Tangi la mafuta lina hila yake. Linapolala nusu tupu usiku, unyevu wa hewa hugeuka matone ndani ya kuta zake, na maji, kwa kuwa ni mazito kuliko petroli, hushuka chini na kuanza kula bati. Dalili barabarani ni hii: pikipiki huwaka vizuri, huenda vizuri, kisha hukosa nguvu katika mwendo mkali au mlimani, na baada ya kupumzika kidogo huwaka tena kana kwamba hakuna lililotokea. Wengi hukimbilia kubadili plagi. Kwanza fungua kifuniko cha tangi. Ikiwa tatizo linaondoka, tundu la hewa la kifuniko limeziba. Ikiwa halikuondoka, zima injini, sogea mbali na jiko na sigara, kisha mimina petroli kidogo kutoka kwenye mpira wa mafuta hadi kwenye chupa inayoonyesha. Iache itulie. Unga wa hudhurungi chini ya chupa ni kutu ya tangi, nayo ndiyo inayoziba vijitundu vya kabureta. Kusafisha kabureta pasipo kusafisha tangi ni kulipa fundi kila mwezi kwa kazi ileile. Na ukitaka kuchungulia ndani, tumia tochi, kiberiti kamwe.

Cheni ndiyo sehemu inayosema ukweli upesi, kwa sababu inapimika. Pikipiki nyingi za cc 100 hadi 150 zinazobeba abiria hapa kwetu hutumia cheni namba 428, ambayo umbali wa pini moja hadi nyingine ni milimita 12.7. Ivute ikaze, hesabu pini 21, kisha pima kutoka katikati ya pini ya kwanza hadi katikati ya pini ya mwisho. Cheni mpya hutoa milimita 254. Ikifika 259, imerefuka kwa takriban asilimia 2, na haifai tena hata kama bado inazunguka. Asiye na rula aivute cheni nyuma kabisa mwa sproketi kubwa: ikiachana na sproketi hadi nusu ya jino ikaonekana, jibu ni lilelile. Meno yaliyochongoka na kulalia upande mmoja kama ndoano humaanisha sproketi nayo imekwisha. Badili cheni na sproketi zote mbili kwa pamoja, maana kipya kikifungwa na kikuukuu huchakaa kwa kasi ya kikuukuu. Kazi hii yote ifanyike injini ikiwa imezimwa. Vidole vingi vimepotea kwa kufuta cheni inayozunguka.

Nisemalo juu ya oili chafu huenda lisiwafurahishe baadhi ya mafundi wenzangu. Oili iliyomwagwa kutoka kwenye injini hubeba chembe za chuma na masizi. Ukiipaka kwenye cheni, na mchanga wa barabara ya pwani ukanata juu yake, umejitengenezea msasa.

Kwa upande wa breki za ngoma, tazama mkono mdogo unaozungusha breki kwenye gurudumu. Pikipiki nyingi zina mshale hapo na alama pembeni yake. Mtu akanyage breki kikamilifu. Mshale ukivuka alama, viatu vya breki vimefika mwisho. Kukaza nati ya marekebisho huficha hali hiyo kwa muda tu. Kisha kagua waya wa breki ya mbele mahali unapoingia kwenye kishikio cha mkono. Uzi mmoja uliokatika unatosha kuubadili wote, kwani ni nyuzi chache zinazobaki kati ya dereva na gari lililo mbele yake.

Mchezo wa beringi huonekana kwa mikono mitupu. Inua gurudumu la mbele, lishike juu na chini, ulitikise. Mlio wa kugonga ni wa beringi za gurudumu. Zungusha usukani polepole kutoka kushoto hadi kulia: ukinasa katikati, beringi za usukani zimechimbika. Kwa nyuma, shika mkono wa gurudumu na kuusukuma kando. Ukicheza, bushi zimekwisha, na huko ndiko mkia unakoanza kuyumba. Vijiti vya foku vikiwa na mashimo ya kutu, kubadili sili peke yake ni hasara, kwa kuwa mashimo yataikata sili mpya.

Juu ya injini nitasema kidogo, kwani inastahili somo lake. Moshi wa buluu muda mfupi baada ya kuwasha asubuhi huelekeza kwenye sili za valvu. Moshi wa buluu usiokoma, hasa ukibeba mzigo, huelekeza kwenye ringi za pistoni. Moshi mweusi ni mafuta kuzidi hewa, na mara nyingi filta ya hewa iliyojaa vumbi ndiyo chanzo.

Mwenye fedha kidogo aanze na breki na matairi, kisha cheni, kisha beringi. Injini inayotoa moshi kidogo yaweza kusubiri. Fremu iliyotoboka haimo katika orodha hiyo. Kuichomelea kiraka cha bati juu ya chuma kilichooza ni kushonea nguo mbovu: uzi hushika, kitambaa huachia. Kijana yule tulimweleza hivyo. Alinyamaza kitambo, akauliza injini ingeuzwa kiasi gani kama vipuri. Aliiuza pamoja na magurudumu. Fremu tuliikata vipande viwili mbele yake ili isipakwe rangi na kuuzwa tena.