Spika za Studio Zinazoongozwa kwa Mtandao: Wajibu wa Fundi wa Sauti

Spika ya kusikilizia studioni ni kipimo. Fundi huongeza au kupunguza kutokana na anachokisikia. Kipimo kikipotoka, uamuzi nao hupotoka. Katika studio za Tarime na Mugumu jambo hili lina uzito wa pekee, kwa kuwa litungu la Wakurya, chombo cha nyuzi 8, hunguruma chini kabisa. Spika iliyopunguzwa besi bila fundi kujua humfanya aiongeze kwenye rekodi, na kosa hilo husafiri na wimbo hadi kwa msikilizaji.

Spika kama Neumann KH 80 DSP zina kichakata sauti ndani yake na hupokea amri kwa waya wa mtandao. Amri ni maandishi ya mfumo wa JSON, yanayotumwa kwa itifaki ya SSC kupitia anwani za IPv6. Zipo programu huria za Python, mfano khtool, zinazomwezesha fundi kuzitafuta spika, kusoma hali yake, kubadili kiwango cha sauti na kuhifadhi mipangilio. Kazi hiyo haihitaji intaneti. Kompyuta, swichi na nyaya vinatosha.

Urahisi huo unadai nidhamu. Mtandao wa spika utengwe na Wi-Fi ya wageni, maana aliyemo ndani ya mtandao mmoja nazo anaweza kuzifikia. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015 inakataza kuingilia mfumo wa kompyuta bila idhini, na spika ya aina hii haina sababu ya kuhesabiwa nje ya ulinzi huo. Mwenye studio aainishe kwa maandishi nani ana ruhusa ya kutuma amri.

Kabla ya badiliko lolote, hali iliyopo isomwe na nakala yake iwekwe. Badiliko lifanyike moja moja, sauti ikiwa chini, kwa sababu tarakimu iliyokosewa hutekelezwa papo hapo. Usalama wa masikio ni haki ya kila aliyemo chumbani: kipimo kinachotumiwa na wataalamu wa afya kazini ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila ongezeko la desibeli 3 hupunguza muda huo kwa nusu.

Umeme ukikatika, mipangilio ambayo haikuhifadhiwa ndani ya spika inaweza kupotea. Kwa hiyo kuhifadhi ni hatua ya mwisho baada ya uhakiki, na umeme unaporudi hali isomwe upya kabla ya kazi kuendelea.

Programu kuwa huria hakuiondolei masharti. Leseni ya MIT hudai tamko la hakimiliki libakizwe. Ya GPL hudai anayesambaza programu aambatanishe au atoe msimbo wake. Zote mbili hazitoi dhamana, hivyo kwa kawaida hasara haiwezi kutupiwa mtunzi wa programu. Toleo jipya lijaribiwe siku isiyo na kazi, kamwe si msanii akiwa ndani.

Kila zamu iandike daftarini tarehe, toleo la programu, badiliko lililofanyika na jina la aliyelifanya. Msanii hulipia kazi iliyosikilizwa kwa kipimo sahihi; akiuliza, fundi awe na maandishi ya kumjibu.