Kwa Nini Bendera Hupigiwa Saluti?



Juzi mzee mmoja wa hapa Sepuka alinisimamisha njiani. Kijana wake anasomea uofisa katika chuo cha jeshi cha Monduli, mkoani Arusha. Akaniuliza, "Mwalimu, nimealikwa kwenye gwaride. Nasikia bendera ikipita sote tunasimama. Hivi kitambaa nacho kina cheo?"

Swali zuri. Tulisome pamoja.

Zamani askari walipigana wakiwa wamesongamana. Vumbi na moshi wa baruti vilifunika uwanja, mtu hamwoni mwenzake. Basi kila kikosi kikawa na bendera ya rangi zake, imeinuliwa juu. Aliyepotea akiiona, anajua wenzake wako wapi. Ikitekwa, kikosi kimeaibika. Waingereza walibeba bendera za vikosi vitani kwa mara ya mwisho mwaka 1881, huko Afrika Kusini. Bunduki mpya zilipiga mbali, na mbeba bendera alionekana upesi mno! Zikabaki za gwaride. Desturi hiyo ilifika kwetu pia.

Huko Monduli, vijana wakimaliza mafunzo, Rais huwatunuku kamisheni kwa kuwa yeye ndiye Amiri Jeshi Mkuu. Bendera hubebwa na ofisa, na walinzi wenye silaha humfuata. Kwa hiyo mzee wangu, saluti ile haipigiwi kitambaa. Inapigiwa nchi, pamoja na wote waliokufa kwa ajili yake.

Sasa tazama Bendera ya Taifa. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda alisimamisha bendera juu ya Kilimanjaro. Ile ilikuwa ya Tanganyika: kijani, nyeusi na njano. Buluu haikuwamo. Buluu iliingia mwaka 1964, baada ya kuungana na Zanzibar. Kijani ni ardhi na mimea, kama mtama wetu mvua ikikubali. Njano ni madini. Nyeusi ni sisi watu. Buluu ni bahari, maziwa na mito.

Wengi hukosea kuipandisha. Nami niliwahi kuipandisha juu chini, mbele ya wanafunzi wangu wa kisomo! Bibi mmoja, aliyekuwa amejifunza kusoma mwaka uleule, ndiye aliyeniambia. Niliona haya, lakini nilifurahi. Kumbuka: kijani iko juu, upande wa mlingoti, buluu iko chini, upande wa nje. Wakati wa msiba wa taifa bendera hupepea nusu mlingoti. Kwanza ipandishe mpaka juu kabisa, ndipo uishushe hadi nusu. Jioni pia, ipandishe juu kwanza, kisha uishushe.

Upepo wetu wa Singida unajulikana, huchana nguo haraka. Kesho ukipita ofisi ya kijiji, itazame bendera. Je, kijani iko mahali pake? Imechanika? Andika jibu katika daftari lako, kisha msomee mwenyekiti.