Kontena la Baharini: Muundo, Alama na Matumizi Yake

Kontena, au kasha kama wengine wanavyoliita bandarini, ni chombo cha chuma chenye vipimo maalumu ambacho hupakiwa kiwandani au ghalani, kikafungwa kwa lakiri, kisha kikahamishwa kutoka kwenye lori hadi melini na kutoka melini hadi kwenye behewa la reli bila mzigo uliomo kuguswa. Wengi wanaokutana nalo Afrika Mashariki, wakiwamo waagizaji wa bidhaa, madereva, mawakala wa forodha na wanunuzi wa makasha yaliyokwisha kutumika, hulichukulia kuwa sanduku lenye nguvu sawa kila upande. Dhana hiyo si sahihi. Nguvu ya kontena imo katika pembe zake na katika nguzo zinazoziunganisha, na karibu kila kanuni ya kulipakia, kulinyanyua, kulipanga na hata kulikata hutokana na ukweli huo.

Vipimo vya pamoja

Safari inayohesabiwa kuwa mwanzo wa usafirishaji wa makontena wa kisasa ni ya meli Ideal X, iliyoondoka Newark nchini Marekani tarehe 26 Aprili 1956 kuelekea Houston ikiwa na makontena 58, mali ya kampuni ya mfanyabiashara wa malori aitwaye Malcom McLean. Fikra ya kutia mizigo katika masanduku ilikuwapo kabla yake. Kilichobadilisha biashara ya dunia ni kwamba wenye meli, reli na malori walikubaliana hatimaye juu ya vipimo vya aina moja, ambavyo Shirika la Kimataifa la Viwango (ISO) lilianza kuvichapisha mwaka 1968, ili kasha lililotengenezwa China liweze kunyanyuliwa na winchi ya Mombasa na kukaa sawasawa juu ya tela linalokwenda Kigali.

Kontena la futi 20 lina urefu wa meta 6.058, upana wa meta 2.438 na kimo cha kawaida cha meta 2.591. La futi 40 lina upana uleule na urefu wa meta 12.192, na lile linaloitwa refu kwa kimo hufikia meta 2.896. Uwezo wa meli na wa bandari huhesabiwa kwa kipimo cha kontena la futi 20, kijulikanacho kwa kifupi cha TEU, ambapo kontena moja la futi 40 huhesabiwa kuwa mawili.

Mifupa na ngozi

Kontena la kawaida limejengwa juu ya fremu ya chuma yenye nguzo nne za pembeni, mihimili ya juu na ya chini, na mataruma yaliyolazwa kwa kukingama chini ya sakafu. Katika kila pembe, juu na chini, kumechomelewa kipande kizito cha chuma cha kusubu chenye matundu, na vipande hivyo vinane ndivyo winchi inavyovishika, ndivyo kufuli za kuzungusha zinavyoingia ili kuliunganisha kasha na jingine au na tela, na ndivyo vinavyopokea uzito wote wa makasha yaliyo juu. Vipande vya chini hujitokeza kidogo kuliko sakafu, na vya juu hujitokeza milimita chache kuliko paa, kwa makusudi kwamba kasha moja lisilale juu ya paa la jingine bali pembe ikae juu ya pembe.

Kuta na paa ni bati la chuma lenye mikunjo, ambalo unene wake kwa kawaida ni milimita 2 au pungufu. Mikunjo hiyo ndiyo inayoliwezesha bati jembamba kiasi hicho kustahimili msukumo wa mzigo uliomo ndani meli inapoyumba, mradi msukumo umeenea ukutani na haukulenga mahali pamoja. Anayeifahamu nyumba ya miti na udongo, ambayo uzito wa paa hubebwa na nguzo huku udongo ukiziba tu nafasi, ameshaelewa kwa kiasi kikubwa jinsi kazi inavyogawanywa katika kontena, ingawa hapa ukuta pia husaidia kuizuia fremu isipinde.

Chuma kinachotumika ni kile kilichochanganywa na kiasi kidogo cha madini kama shaba na kromi, ambacho kutu yake ya mwanzo hushikamana na kuzuia kutu nyingine isipenye haraka. Uwezo huo hupungua sana mahali palipo na maji ya chumvi ya kudumu, na ndiyo maana makontena hupakwa rangi nzito. Sakafu hutengenezwa kwa plaiwudi ya baharini yenye unene wa takribani milimita 28, na mara nyingi mbao zake hutiwa dawa ya kuua wadudu ili zisisafirishe mchwa na bungua kutoka nchi hadi nchi.

Uwezo wa kupangwa hupimwa kwa kuzikandamiza nguzo. Kwa kipimo kilichotumika kwa miongo mingi, kila nguzo hujaribiwa kwa uzito wa kilo 86,400, jambo linalolingana na makasha manane ya tani 24 yaliyopandana juu ya moja, pamoja na nyongeza ya asilimia 80 inayofidia mtikisiko wa meli inapopanda na kushuka na mawimbi. Paa, kwa upande wake, hujaribiwa kwa kilo 300 tu zilizowekwa katika eneo la sentimita 60 kwa 30, kiasi kinachowatosha wafanyakazi wawili wanaofunga kasha na si zaidi. Tofauti baina ya namba hizi mbili inatosha kuonyesha kwa nini haifai kuweka tangi la maji katikati ya paa la kontena lililogeuzwa duka bila kulijengea kitegemeo chake.

Kusoma alama

Mlangoni mwa kila kontena mna herufi nne na tarakimu saba. Herufi tatu za mwanzo humtambulisha mwenye kasha na husajiliwa na ofisi ya kimataifa ya makontena iliyoko Paris, ya nne huwa U kwa makontena ya mizigo, tarakimu sita zinazofuata ni namba ya kasha lenyewe, na ile ya mwisho, iliyozungushiwa mraba, ni tarakimu ya uhakiki inayokokotolewa kutokana na nyingine zote. Mfano unaotumiwa sana kufundishia ni CSQU 305438 3. Kila herufi hupewa thamani, hapa 13, 30, 28 na 32. Kisha thamani hizo na tarakimu sita huzidishwa kwa mfuatano kwa 1, 2, 4, 8 na kuendelea kwa kurudufu hadi 512. Jumla yake ni 6,185, ambayo ikigawanywa kwa 11 hubakiza 3. Karani akikosea tarakimu moja katika hati ya shehena, hesabu hukataa, na kosa hubainika kabla kasha halijapelekwa kwa mtu mwingine. Ni kinga ya bei rahisi mno, na inashangaza kwamba waagizaji wadogo wengi hawajui kuwa ipo.

Alama ya pili yenye uzito ni kibati cha usalama kinachopigwa mlangoni kwa mujibu wa Mkataba wa Kimataifa wa Usalama wa Makontena wa mwaka 1972. Juu yake huandikwa tarehe ya kutengenezwa, uzito wa juu kabisa unaoruhusiwa pamoja na mzigo, ambao mara nyingi ni kilo 30,480, na uzito unaoweza kupangwa juu yake. Kontena jipya hukaguliwa ndani ya miaka mitano ya mwanzo na baada ya hapo angalau kila miezi 30, isipokuwa kama mwenyewe anafuata mpango wa ukaguzi endelevu ulioidhinishwa.

Aina za makontena

Mbali na kasha la kawaida, yapo yaliyo wazi juu kwa ajili ya mashine zinazoshushwa kwa winchi, majukwaa yasiyo na kuta za ubavuni, na matangi yaliyofungiwa ndani ya fremu. Linalostahili maelezo zaidi ni kontena la baridi, ambalo maparachichi ya Kenya husafirishwa ndani yake kutoka Mombasa hadi Ulaya. Kuta zake zimejazwa povu la kuzuia joto, na mtambo wake hupuliza hewa baridi kupitia mifereji ya sakafuni, ikapanda kati ya maboksi na kurudi kwa juu. Mtambo huo umekusudiwa kuhifadhi ubaridi uliokwisha kupatikana, haukukusudiwa kupoza haraka matunda yaliyotoka shambani yakiwa na joto la jua. Kwa hiyo matunda hupozwa kwanza kwenye chumba cha baridi, na maboksi hayapangwi kupita mstari mwekundu uliochorwa ukutani, maana yakiupita huziba njia ya hewa.

Uzito

Mwezi Januari 2007 meli MSC Napoli ilipata ufa katika Mlango wa Bahari wa Uingereza ikielekea Afrika Kusini. Makontena ya sitahani yalipopimwa baadaye, takribani moja katika kila matano lilitofautiana na uzito ulioandikwa kwa zaidi ya tani tatu. Tangu tarehe 1 Julai 2016 kanuni za kimataifa zinakataza kontena lenye mzigo kupakiwa melini bila uzito wake kuthibitishwa, ama kwa kulipima likiwa limejaa na kufungwa, ama kwa kupima kila kilichomo na kujumlisha na uzito wa kasha tupu. Barabarani, sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 inayodhibiti uzito wa magari imeweka kikomo cha tani 56 kwa gari na mzigo wake, na ekseli nazo zina vikomo vyake. Gari lenye uzito halali kwa jumla linaweza kukamatwa kwenye mizani kwa sababu tu mzigo umerundikwa upande mmoja wa kasha.

Kufungua mlango

Mlango wa kulia ndio unaofunguliwa kwanza, kwa kuwa ndio unaoubana wa kushoto na ndio hufungwa lakiri. Namba ya lakiri ilinganishwe na ile iliyo katika hati kabla ya kukatwa, na mashahidi wawepo. Mfunguaji asimame pembeni, kwa kuwa mzigo ulioteleza safarini huweza kuuegemea mlango na kumwangukia. Kama kasha limefukizwa dawa, mfano gesi ya fosfini inayotumiwa kwenye nafaka, milango iachwe wazi hewa ipite na gesi ipimwe kabla ya mtu yeyote kuingia.

Baada ya bahari

Makasha mengi yaliyostaafu safari huishia kuwa maduka, ofisi na maghala kandokando ya barabara za miji yetu, na matumizi hayo ni mazuri yakifanywa kwa uangalifu. Kasha lisimamishwe juu ya vitegemeo vinne vilivyo chini ya pembe zake na si juu ya matofali yaliyotupwa popote chini ya sakafu. Anayekata ukuta kuweka dirisha kubwa au mlango wa pili azungushe fremu ya chuma katika tundu hilo. Kulifukia kasha ardhini ili liwe ghala la chini ni hatari, kwa kuwa kuta zake hazikubuniwa kuhimili msukumo wa udongo kutoka nje. Sakafu ya zamani itakayokuwa chini ya jiko, nafaka au watoto ni bora ing'olewe, maana dawa iliyotiwa katika mbao haionekani kwa macho. Taarifa yake huwa kwenye kibati kilicho mlangoni, na mnunuzi asiyekikuta amtake muuzaji maelezo ya maandishi kabla ya kulipa.