Marudio: Kuchunguza ugonjwa usiojulikana kwa kuku wa mayai

Maswali ya kuchunguza ugonjwa huwapotezea watahiniwa alama kwa sababu moja kubwa: wanataja jina la ugonjwa kwanza, halafu wanatafuta dalili za kuliunga mkono. Katika somo hili tutakwenda kinyume chake. Soma kisa, kisha tukifanyie kazi pamoja.

Kisa

Mama mmoja wa Soni, wilayani Lushoto, anafuga matetea wanane wa kienyeji nyuma ya nyumba. Hawajachanjwa. Mmoja wao, mwenye umri wa miaka miwili, aliacha kutaga wiki tatu zilizopita. Leo amejikunyata pembeni ya banda, manyoya yamesimama, hali chakula, na kinyesi chake ni cha kijani. Jirani anasema huo ni mdondo, kwa hiyo mama amuwahishe gulioni kabla hajafa. Duka la dawa nalo limemuuzia antibiotiki. Mayai ya kuku hawa ndiyo yanayonunua madaftari ya watoto. Wewe ungemshauri nini?

Kinyesi cha kijani kinasema nini?

Wengi wangeandika "mdondo" hapo hapo kwa sababu ya kinyesi. Jiulize kwanza rangi ile inatoka wapi. Inatoka kwenye nyongo. Kuku akiacha kula, nyongo huendelea kumiminika katika utumbo usio na chakula, na kinyesi hutoka kijani. Kuku mwenye mdondo hali, hivyo kinyesi chake huwa cha kijani. Lakini kuku mwenye taifodi, au aliyekwama yai, au ambaye hajala siku mbili kwa sababu yoyote ile, anaweza kutoa kinyesi hicho hicho. Kwa hiyo tumejua jambo moja tu: kuku huyu hali. Tulikuwa tunalijua tayari.

Wangapi wanaumwa, na tangu lini?

Hili ndilo swali lenye thamani kuliko yote, na halihitaji kifaa chochote. Mdondo husababishwa na virusi. Ulielezwa kitaalamu kutokana na milipuko ya mwaka 1926, katika kisiwa cha Java na katika mji wa Newcastle, Uingereza, ndiyo maana wataalamu huuita ugonjwa wa Newcastle. Ukiingia katika kundi lisilochanjwa huenea upesi na unaweza kuua karibu kuku wote ndani ya siku chache. Katika kisa chetu wiki tatu zimepita, na kuku saba wanaokunywa maji katika chombo kimoja na mgonjwa ni wazima na wanataga. Nadharia tete ya mdondo haijafutwa, lakini imedhoofika sana.

Kama kisa kingesema kuku watano wamekufa kwa siku mbili, hoja ingegeuka. Hapo mdondo ungerudi juu ya orodha, pamoja na sumu. Lushoto ni wilaya ya mboga: kabichi, karoti, nyanya. Kuku waliodonoa majani yaliyopuliziwa dawa ya wadudu wanaweza kudondosha mate, kutetemeka na kufa ndani ya saa chache. Ungeuliza walikuwa shamba gani asubuhi hiyo.

Mshike kuku

Pitisha kidole kwenye mfupa wa kidari. Kuku mwenye afya ana nyama pande zote mbili. Mfupa ukiwa umechongoka kama makali ya kisu, kuku amekuwa akikonda kwa muda mrefu, hata kama mwenye kuku aliona ugonjwa jana tu. Tazama upanga wa kichwani: ukipauka, fikiria upungufu wa damu, yaani minyoo au utitiri. Baadhi ya utitiri hunyonya damu usiku na mchana hujificha katika nyufa za mbao, kwa hiyo anayekagua banda saa sita mchana bila kupekua nyufa ataapa kwamba hakuna kitu. Nenda usiku na tochi. Mwisho, papasa tumbo kati ya miguu na sehemu ya haja. Kitu kigumu chenye umbo la yai ni yai lililokwama, ingawa kuku wa namna hiyo kwa kawaida huzidiwa ndani ya siku chache, si wiki tatu.

Tuseme mama amepapasa na kukuta kidari kimechongoka, upanga umepauka kidogo, na tumbo limevimba, laini kama mfuko wa maji. Sasa tuna picha. Kuku amekonda huku tumbo likijaa, na aliacha kutaga kabla ya yote. Katika kuku wa umri huu, sababu ya kufikiria kwanza ni viini vya mayai kudondokea ndani ya tumbo badala ya kuingia katika mrija wa mayai, kisha bakteria wakavivamia. Ugonjwa wa ini au uvimbe wa ndani unaweza kuleta sura hiyo hiyo. Sumukuvu ya mahindi yaliyoota ukungu huharibu ini, na milimani mahindi hukauka kwa shida; lakini wale saba wanakula mahindi yale yale, hivyo hoja hiyo iandike mwishoni.

Angalia pia banda lenyewe. Mwezi Julai Lushoto kuna baridi kali, na watu huziba madirisha ya banda kwa viroba. Hewa ya amonia kutoka kwenye kinyesi huwasha macho ya kuku, na mfugaji hudhani ni mafua.

Ushauri wako kwa mama

Amtenge kuku huyo na ampe maji safi. Asimpeleke gulioni: kama tumekosea na ni mdondo, atakuwa ameugawa kwa kijiji kizima. Antibiotiki haiui virusi, na kwa bakteria hufaa tu ikichaguliwa na kupimwa na mtaalamu. Ikitumika ovyo hujenga usugu, na mayai hayaliwi hadi siku zilizoandikwa kwenye lebo zipite. Amwite afisa mifugo wa kata. Kuku akifa asiliwe. Mzoga ufungwe kwenye mfuko na upelekwe kupasuliwa ukiwa bado mbichi. Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania ina kituo Tanga. Wale saba wazima wachanjwe kwa ushauri wa afisa huyo: chanjo ya I-2 hustahimili joto, hutolewa tone moja jichoni na hurudiwa kila baada ya miezi mitatu.

Zoezi

Matetea sita wa Mlalo wanalishwa pumba za mahindi pekee. Wanne wanataga mayai yenye ganda laini, na wawili kati ya hao hawawezi kusimama. Wote wanakula vizuri. Ganda la yai moja lina takriban gramu 2 za kalsiamu.
(a) Taja nadharia tete mbili, na ueleze ni taarifa gani katika kisa inayoifanya moja iwe na nguvu zaidi.
(b) Kuku asipopata kalsiamu katika chakula huichukua wapi? Husianisha jibu lako na kuku wasioweza kusimama.
(c) Eleza jaribio moja la siku kumi, lenye kundi la ulinganisho, litakaloonyesha kama umekosea.