Ridhaa Haimwongezei Hakimu Mamlaka

Mwaka huu chama chetu kimeniomba niandike kuhusu msamiati wa kortini. Nilikubali haraka, kwani neno moja tu, ridhaa, limeitesa jamaa yetu.

Kwanza maneno yenyewe. Hapa Gitothua mtu akitoka korti ya Ruiru utamsikia, "Jaji amenihurumia." Makosa hayo! Aliyemwona ni hakimu. Jaji hukaa Mahakama Kuu, au mahakama yenye hadhi sawa nayo, kama ile ya Mazingira na Ardhi iliyoko Thika. Na tofauti si ya cheo tu. Katika kesi za madai, Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya 2015 inampa Hakimu Mkazi madai yasiyozidi shilingi milioni 5, na Hakimu Mkuu yasiyozidi milioni 20. Yakizidi hapo, ni ya jaji.

Sasa nije kwa mjomba. Yeye na rafiki yake walijenga nyumba za kupangisha kwa ubia, kisha wakakosana. Mjomba alidai milioni 23. Mahakama Kuu waliiogopa kwa gharama, basi wakaandika ridhaa kwamba hakimu aliye karibu awasikize, wote wawili wakatia sahihi. Hata soda walikunywa pamoja siku hiyo! Baada ya miaka 3 mjomba akashinda, tukachinja mbuzi.

Rafiki akakata rufaa. Wakili wake alikuwa na hoja moja: hakimu hakuwa na mamlaka. Mjomba akaruka, "Si wewe mwenyewe ulitia sahihi?" Lakini sahihi haikumsaidia. Mamlaka ya korti hutoka kwa Katiba na sheria za Bunge. Wenye kesi hawawezi kuyagawa wapendavyo. Mahakama ya Rufani ilifundisha mwaka 1989, katika kesi ya meli Lillian S, kwamba korti ikiona haina mamlaka hukoma papo hapo. Hukumu ya mjomba ikafutwa, na mbuzi tulikuwa tumeshamla.

Mtauliza, kwa nini kesi isihamishwe tu kwa jaji? Mimi pia niliuliza. Haihamishwi. Mahakama Kuu ya Uganda iliamua hivyo mwaka 1968 katika kesi ya Kagenyi na Musiramo, na korti zetu huifuata: kesi iliyofunguliwa pasipo mamlaka huanzwa upya. Na hapa ndipo mama alishika kichwa. Madai ya mkataba yana miaka 6 pekee, na mjomba alikuwa amebakisha miezi 4.

Si kwamba ridhaa haina kazi popote. Huko Marekani, tangu 1979, wenye kesi za madai katika mahakama za shirikisho wanaweza kukubaliana hakimu aisikize kesi yao yote hadi hukumu. Mmoja akikataa, inabaki kwa jaji. Hata kwetu, Kifungu cha 170 cha Katiba ya 2010 kinataka wanaoenda kwa Kadhi wawe Waislamu, na wote wakubali mamlaka yake. Lakini hapo ni sheria yenyewe iliyoitaka ridhaa. Kwa milioni 23 za mjomba hakuna sheria iliyoiuliza.

Alifungua kesi mpya Mahakama Kuu zikiwa zimebaki wiki 3. Pesa zilitoka kwa ng'ombe wa nyanya na kwa akiba ya chakula changu cha mchana. Mkiniona na githeri kwenye mkebe, msinicheke. Kesi itatajwa tena muhula ujao.