Baridi ya Timau si Baridi ya Silfra

Mdogo wangu wa Timau, ujumbe wako nimeupata na nimecheka kidogo kabla ya kuujibu. Unakwenda Norwe mwezi wa Juni kumtembelea dada yako, kisha nyote wawili mpitie Aislandi mkapige mbizi Silfra. Na unaniambia baridi haikutishi kwa kuwa umeoga maji ya mlima tangu utotoni.

Hapo ndipo tuanzie. Baridi uliyoizoea wewe ni ya hewa, na yale maji ya mto uliyaoga kwa kujirushia na kukimbia. Maji hunyang'anya mwili joto kwa kasi karibu mara 25 kuliko hewa, na ya Silfra yana nyuzi 2 hadi 4 mwaka mzima, iwe Julai au Desemba. Mtu akiyaingia bila kinga, pumzi hukatika, anahema bila kutaka, moyo unadunda mbio, na baada ya muda mfupi vidole havishiki kitu. Ujasiri haubadilishi hilo, hata kama ni wa kwetu.

Sikukatazi, lakini. Silfra ni ufa ndani ya hifadhi ya Þingvellir, mahali ambapo bamba la Amerika Kaskazini na lile la Ulaya na Asia yanaachana takriban sentimita 2 kwa mwaka. Sisi wa nchi ya Bonde la Ufa tunaijua habari hiyo. Maji yake hutoka kwenye barafu ya Langjökull, yakachujwa miaka mingi ndani ya mawe ya volkano, ndiyo maana unaweza kuona mbali hadi mita 100. Natamani kila msichana wa Meru na Embu ayaone.

Sasa sheria zao. Kupiga mbizi na mtungi wa hewa pale kunataka uwe umefikisha miaka 17, uwe na cheti cha mpiga mbizi, na juu yake cheti cha suti kavu, au uwe na mbizi 10 za suti kavu katika miaka miwili iliyopita, zimeandikwa kwenye daftari lako. Kina hakizidi mita 18. Suti kavu ni ile isiyoingiza maji kabisa. Ndani unavaa nguo nzito za joto, na hewa iliyomo inabidi uidhibiti. Ukizembea inaweza kukurusha juu kama boya, na mapafu hayapendi kupandishwa ghafla. Kwa hiyo si vazi la kujifunzia siku hiyohiyo ya safari.

Kwa hivyo panga kutoka nyuma. Cheti cha kwanza kichukue pwani yetu, Watamu au Diani, ambako maji ni ya uvuguvugu na kosa dogo halikuadhibu sana. Nenda wakati wa kaskazi, kabla ya mvua za masika na kusi kuvuruga bahari. Kozi huchukua siku tatu au nne. Utatakiwa kuogelea mita 200 na kuelea dakika 10, basi anza mazoezi mapema kwenye bwawa la hoteli hapo Meru mjini. Kuna fomu ya afya pia: pumu, moyo, kifafa, ujauzito. Ijaze kwa ukweli. Daktari akikukataza, amekuokoa, hajakuonea.

Halafu jambo hili watu wetu wa milimani hulisahau. Ukipiga mbizi, gesi ya naitrojeni hubaki mwilini na hutoka polepole. Ukipanda sehemu za juu upesi, inaweza kutoa mapovu kwenye damu na viungo, sawa na ukipanda ndege. Embu iko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari na Meru mjini zaidi ya 1,500, na basi la kutoka Mombasa linakupitisha Nairobi iliyo juu zaidi. Ushauri unaofuatwa na wapiga mbizi ni kusubiri saa 12 baada ya mbizi moja, na saa 18 ukipiga mbizi nyingi au siku kadhaa mfululizo. Basi usitoke majini saa tisa ukakimbilia basi la usiku. Lala pwani, kula samaki, uondoke kesho yake jioni. Kanuni ni hiyohiyo ukitoka Silfra kwenda uwanja wa ndege.

Na yule mdogo wangu mwingine wa Runyenjes aliyeuliza kama tunaweza kujizoeza baridi kwa kupiga mbizi Ziwa Ellis, njia ya Chogoria: hapana. Lile ziwa liko juu ya mita 3,400. Hewa ni nyepesi, hesabu zote za mbizi zinabadilika, na ukipata shida hakuna wa kukushusha haraka. Panda mlima, litazame, piga picha, rudi.

Suti kavu utajifunza Norwe kwa dada yako, kabla ya Aislandi. Kozi yake ni fupi, na wenyeji wa kule hupiga mbizi za baridi kila msimu. Dada akikuambia mwende Saltstraumen karibu na Bodø, mkatalie kwa heshima. Mkondo wa maji pale ni miongoni mwa mikali zaidi duniani.

Mambo ya wasichana sasa. Usisuke rasta nene wiki ya safari: kofia ya suti inabana kichwa, na nywele moja tu ikipita chini ya mpira wa shingo, maji yanaingia. Suka mistari myembamba iliyolala. Kucha ndefu toa, zinatoboa mpira wa mikono. Nenda msalani kabla ya kuvishwa, maana kuivua suti ni kazi ya watu wawili. Na kula asubuhi, chakula kamili, si chai na mkate.

Miraa na muguka viacheni nyumbani. Vinaharakisha moyo na kupandisha shinikizo la damu, na hayo hayafai chini ya maji. Mjomba akikuomba umbebee kifurushi, mkumbushe kwamba Norwe imekataza tangu 1989, Uholanzi 2013, Uingereza 2014. Utakamatwa wewe, si yeye.

Viza: Norwe na Aislandi zote ziko Schengen, kwa hiyo moja inatosha, na unaiomba kwa nchi utakayokaa siku nyingi. Bima ya matibabu inayodaiwa ni ya euro 30,000 angalau, ila soma maandishi madogo, kwani bima nyingi za safari hazigusi mbizi. Nunua ya wapiga mbizi.

Ikiwa Juni itakukuta bila cheti cha suti kavu, lipia snokeli. Wanakuvalisha suti kavu hiyohiyo, unaelea juu na kuutazama ufa wote, na kinachotakiwa ni ujue kuogelea na uwe na afya nzuri. Mtungi wa hewa uache kwa safari ya pili, wala usikubali mtu akushawishi vinginevyo kwa sababu tu tayari umelipa nauli.