Kwa Nini Mabehewa Mengine Huinama Kwenye Kona

Mtu asafiriye kwa basi kutoka Malindi kwenda Garsen hupita sehemu ndefu zilizonyooka, na humo hata dereva akienda mbio abiria hutulia. Lakini basi likiingia kwenye kona, kila mtu hulalia upande wa nje, na mama wa Kiorma aliyepakata kibuyu cha maziwa hukishika kwa mikono miwili. Hakuna aliyemsukuma. Mwili wake ulikuwa ukienda mbele moja kwa moja, nao wataka kuendelea hivyo, ilhali basi limekwisha geuka. Tena, mwendo ukiongezwa mara mbili katika kona ile ile, nguvu hiyo huwa mara nne.

Mwendesha baiskeli aijua dawa yake ingawa hakufundishwa: huinamia ndani ya kona. Wajenzi wa reli nao hukiinua chuma cha nje kuliko cha ndani. Lakini hawawezi kukiinua mno, kwa maana njia hiyo hiyo hupitwa na magari ya mizigo yaendayo polepole, nayo yangekilemea chuma cha ndani.

Ndipo wahandisi walipofikiri kuliinamisha behewa lenyewe. Huko Japani, mwaka 1973, yalianza kutumika mabehewa yaliyojiinamia yenyewe hadi digrii 5. Uingereza walikwenda mbali zaidi. Treni yao mpya, iliyoinamishwa kwa mitambo hadi digrii 9, ilianza kuchukua abiria kati ya London na Glasgow mnamo Desemba 1981. Baadhi ya abiria walichafukwa na roho, mitambo nayo ikaleta matatizo katika baridi kali, na treni ikaondolewa baada ya siku chache.

Sababu ya kichefuchefu hicho yafaa kuangaliwa vizuri. Wahandisi walikuwa wameiondoa karibu nguvu yote ya kona, wakidhani wamemfadhili abiria. Kumbe macho yake yaliona dirishani nchi nzima ikipanda na kushuka, huku mwili wake ukimwambia kwamba hakuna kona yoyote. Macho na mwili vikipingana, tumbo ndilo huumia. Basi siku hizi behewa huondoa sehemu tu ya nguvu ile, na kumwachia abiria kiasi kidogo ili mwili wake ujue kwamba njia inapinda. Kwa namna hiyo treni ziinamazo zimerudi katika njia ile ile ya Glasgow, zikienda kilometa 200 kwa saa.

Ieleweke kwamba kuinama huko ni kwa ajili ya raha ya abiria tu. Reli hubeba nguvu ile ile, na behewa liendalo mbio kupita kiasi litaanguka hata likiinama.

Hapa Kenya njia nyingine ilichaguliwa. Reli ya zamani ya Mombasa, iliyojengwa tangu 1896, hufuata maumbile ya nchi kama mto Tana unavyojipinda karibu na Garsen. Reli mpya iliyofunguliwa mwaka 2017 ilipewa kona pana, madaraja na tuta refu, na treni yake ya abiria huenda kilometa 120 kwa saa bila kuinama. Lakini jimbo la Queensland, Australia, lenye reli nyembamba inayokaribia ile yetu ya zamani kwa upana, lilianza mwaka 1998 kutumia treni iinamayo. Huko walibadili behewa lenyewe.